Mkalimani Asiye na Sauti kwenye Ngome ya Kina Liang

Vijana wa ofisini mmeniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yetu ya ukalimani hapa Guangzhou kabla sijafunga mabegi kurudi Tanga. Nimekubali kwa sababu sina kazi nyingine, na pia nimegundua kwamba mtu akistaafu watu huanza kumsikiliza kana kwamba alikuwa akijua alichokuwa akifanya. Sitawaeleza nilianza na mshahara gani wala nilipandaje cheo. Cheo chenyewe mnakijua: nilianza nikiwa mkalimani, nimemaliza nikiwa mkalimani, ila katikati pale nilipewa kiti cha ofisini chenye magurudumu.

Nilifika mji huu nikitokea kaskazini, ambako nilisoma chuo kwenye baridi kali, na nilikuwa na hakika kwamba Kichina nakijua. Siku ya kwanza kazini nilipelekwa Shahe, kwenye yale majengo ya nguo za jumla ambako mikokoteni ya mafurushi haimpishi mtu. Mteja wangu alikuwa kijana wa Kariakoo aliyefuata suruali za jinzi. Nikamkabili mama mwenye duka kwa adabu zote nilizofundishwa darasani. Mama yule akashtuka, akaitazama mikono mitupu ya mteja wangu, akaniuliza hizo suruali ziko wapi. Mnajua wenyewe kwamba kwa Kichina kununua na kuuza ni neno moja, tofauti ni mlio tu. Mmoja sauti inashuka kisha inapanda, mwingine inashuka moja kwa moja. Mimi nilishuka nikasahau kupanda. Tulibishana kwa muda mrefu, yeye akisema hanunui suruali za watu asiowajua, mimi nikimsihi kwamba asiwe na wasiwasi, sisi ni watu wazuri.

Aliyenitoa pale ni Mwero, Mgiriama wa Malindi, mkalimani aliyekuwa akipita na wateja wake wa Mombasa. Alisimama akatusikiliza mpaka akachoka kucheka, ndipo akaingilia. Baadaye alininywesha chai na kunichukua niwe mwanafunzi wake bila kuniuliza kama nataka. Ndiye aliyenifundisha kutembea na kiberiti Shahe: unachomoa uzi pembeni mwa nguo, unauwasha, ukitoa jivu laini lenye harufu ya karatasi ni pamba, ukijikunja kuwa tone gumu linalonuka plastiki unamrudishia mwenye duka nguo yake kabla hajaona umeichoma wapi. Ndiye pia aliyenifundisha kuomba choo kwanza kila nikiingia kiwandani.

"Chumba cha maonesho kinasafishwa kwa ajili yako," alisema. "Choo kinasafishwa kwa ajili ya wafanyakazi. Ukitaka kumjua bosi, nenda ukajisaidie."

La tatu alilonifundisha ndilo nililolitumia kuliko yote. Mtu akitoa maneno makali mbele yako, usitafsiri papo hapo. Kunywa kwanza funda la chai. Mara nyingi hadi umeze, mwenyewe kashalainika. Nimekunywa chai nyingi sana katika kazi hii, vijana wangu, na daktari ameniambia figo zangu ziko safi ajabu.

Sasa niwaeleze habari ya Bi Zuhura na laoban Liang, maana ndiyo kesi ngumu kuliko zote nilizokutana nazo, na ndiyo ambayo mimi mtaalamu sikufanya kazi hata kidogo.

Bi Zuhura ni mfanyabiashara wa Unguja, mwanamke mfupi, mpole, anayeweza kusimama katika banda la maonesho tangu asubuhi hadi jioni bila kukaa. Alikuwa akinunua chupa za chai. Laoban Liang, yaani bosi Liang, alikuwa na kiwanda cha chupa hizo nje kidogo ya mji. Ni mtu mrefu, mkimya, anayevaa kofia hata ndani ya nyumba. Mimi niliwakutanisha Pazhou, kwenye maonesho makubwa ya biashara, nikiwa bado na nywele, na tangu hapo Bi Zuhura hakununua chupa kwa mtu mwingine. Choo cha kiwandani kwake nilikikagua siku ya kwanza. Kilikuwa na sabuni na taulo.

Chupa za Bi Zuhura zilikuwa na ua lake mwenyewe. Alikuja na mchoro kwenye karatasi: asumini na langilangi vimeviringana, na jani moja limepinda vibaya kama limekanyagwa. Fundi wa laoban Liang alitaka kulinyoosha lile jani. Bi Zuhura alikataa. Nilitafsiri ubishi ule hadi koo likaniuma, fundi akieleza kwamba jani limekosewa, Bi Zuhura akijibu kwamba yeye anataka jani lililokosewa. Nilidhani ni ukaidi wa wateja tu. Jani likabaki limepinda, na chupa zikawa zinapakiwa bandarini Huangpu kila msimu na kwenda Unguja, ambako nasikia hakuna harusi isiyo nazo.

Mambo yaliharibika katika maonesho ya miaka ya mwisho mwisho ya kazi yangu. Tulikuwa tumeshazunguka kumbi za Pazhou kwa siku kadhaa. Mle ndani kila mtu anapaza sauti, na mimi nilikuwa nikipaza kwa niaba ya watu wawili. Sauti ilikuwa imebaki uzi. Tukafika kwenye banda la laoban Liang, na pale rafuni, kwenye chupa zenye jina la mteja mwingine, tukaliona ua la Bi Zuhura. Asumini, langilangi, na lile jani.

Bi Zuhura hakupaza sauti. Aliichukua chupa, akaigeuza, akairudisha mahali pake taratibu kama yai.

"Muulize hii ni ya nani."

Laoban Liang akajibu kwa furaha kabisa kwamba ni ya mteja mpya wa Mombasa, amelipenda ua lile, ameagiza kontena zima. Alikuwa akitabasamu. Alidhani anatupa habari njema, kwamba ua la Bi Zuhura linapendwa.

"Mwambie," Bi Zuhura akasema, "mie na yeye basi. Sitaki kumwona tena."

Nilikunywa funda la chai. Nikanywa la pili. Bi Zuhura alinitazama akasema, "Kassimu, hata ukimaliza chupa nzima, maneno ni hayo hayo." Nikayatafsiri, kwa sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta, na hayo yakawa maneno yangu ya mwisho. Asubuhi yake niliamka, nikajaribu kumsalimia mke wangu, ikatoka hewa tupu. Mwuza dawa wa mtaani alinipa dawa nyeusi nzito kama asali na kunikataza kusema hata kwa kunong'ona mpaka koo lipoe. Mke wangu alimshukuru sana.

Siku hiyo hiyo laoban Liang akaniletea ujumbe wa simu wenye picha. Ilikuwa ngome ya mawe iliyobomoka, juu ya kilima chenye mianzi, na chini yake bonde na mto. Aliandika kwamba hapo ndipo kwao, saa chache kaskazini mwa Guangzhou. Hajui amemkosea nini Bi Zuhura, lakini anajua amemkosea. Mama yake mzazi anatukaribisha chakula. Akamalizia kwa kuniomba nimpelekee Bi Zuhura mwaliko huo "kwa maneno mazuri kama kawaida yako." Maneno mazuri sikuwa nayo, wala mabaya. Nikamwonesha Bi Zuhura picha tu.

Aliitazama, akanirudishia simu.

"Nchi hii nimekuja miaka yote," akasema, "nimeona Pazhou, nimeona Shahe, nimeona makontena. Kilima sijaona hata kimoja. Nitakwenda kuiona ngome. Yeye simwendei."

Basi tukaenda. Laoban Liang aliendesha gari, mimi nilikaa mbele, Bi Zuhura nyuma akitazama nje. Nilikuwa nimejiandaa. Jioni iliyotangulia nilisoma habari za ngome zile za milimani, jinsi wanavijiji wa karne za nyuma walivyozijenga kwa mawe wapate pa kukimbilia na mifugo yao kila majambazi walipopandisha mto. Nilipanga kuieleza safari nzima, kisha nikakumbuka kwamba siwezi kusema. Nikaanza kuandika kwenye simu na kuwaonesha, huku Kichina, kule Kiswahili. Laoban Liang alikuwa akiendesha, hivyo hakusoma. Bi Zuhura alikuwa ameacha miwani hotelini. Niliendelea kuandika. Na nilikuwa nimevaa viatu vyangu vyeusi vya ngozi vilivyong'arishwa, kwa sababu mkalimani lazima apendeze, na kwa sababu sikuwa na vingine.

Kijijini hatukusimama. Laoban Liang alitaka tupande kwanza kabla jua halijawa kali. Njia ilikuwa ngazi za mawe zilizokuwa na ukoga, zikipita katikati ya mianzi. Bi Zuhura, na baibui lake na raba za mazoezi, alipanda bila neno. Laoban Liang alipanda kama mtu aliyezipanda tangu utotoni. Mimi nilikuwa wa mwisho, nikishika mianzi, na kila ilipoteleza nilimtaja Mungu bila sauti.

Lakini ile ngome, jamani. Lango lake lilikuwa bado limesimama, tao la mawe mazito ambayo sijui waliyapandishaje. Ndani, nyumba zote zilikuwa zimeanguka, zimebaki kuta za kimo cha goti na miti imeota vyumbani. Palikuwa na kinu cha jiwe kimepasuka, na matundu membamba ukutani ya kutolea mishale. Ukisogea ukingoni unaliona bonde lote chini: mto wa kijani umejikunja, majahazi ya mchanga yakienda polepole, mashamba yamekatwa vipande vipande hadi mlima wa pili. Hata mimi nilisahau miguu yangu.

Bi Zuhura alisimama ukingoni kulia. Laoban Liang akasimama ukingoni kushoto. Kati yao ungeweza kupitisha lori.

"Ngome Kongwe yetu kule Unguja ina mkahawa," Bi Zuhura akaniambia, akitazama bonde. "Hii wameiacha ife kwa heshima yake."

Hapo ndipo nilipopata wazo. Nilijiambia kwamba ingawa sina sauti, bado mimi ni mkalimani, kazi yangu ni kuwakutanisha watu. Nitawapiga picha. Ili watokee wote lazima wasogeleane, wakisogeleana watatazamana, wakitazamana wameshaanza. Nikawaonesha kwa mikono: sogeeni, sogeeni. Bi Zuhura akasogea hatua moja kwa ajili yangu. Laoban Liang akasogea hatua moja. Bado hawakuenea kwenye kioo cha simu. Nikarudi nyuma kidogo. Nikarudi tena. Nikapanda juu ya ukuta mfupi uliokuwa nyuma yangu, nikaona sasa wameenea vizuri kabisa, mto katikati yao, nikarudi nyuma tena.

Nyuma ya ukuta ule palikuwa na birika la kuhifadhia maji la watu wa zamani. Maji yalikauka karne nyingi zilizopita. Nilianguka humo wima kama nguzo, nikatua kwenye majani makavu, mguu wa kushoto ukakunjika chini yangu. Simu ilipiga jiwe kabla yangu.

Sasa fikirieni hali yenyewe. Birika linanizidi kimo. Mguu unawaka moto. Nafungua kinywa kupiga kelele, inatoka hewa. Huko juu wale wawili, kila mmoja alikuwa amekwisha kugeukia upande wake, wakisubiri waambiwe picha imepigwa. Nilikaa mle ndani nikiwasikiliza wakininyamazia. Sijawahi kuutamani ugomvi wa watu uishe kama nilivyoutamani wakati ule. Mwishowe nikaanza kurusha mawe madogo juu. La kwanza halikumpata mtu. La pili nadhani lilimpata laoban Liang kofiani, maana nilisikia akisema kitu ambacho nisingekitafsiri hata baada ya birika zima la chai.

Nyuso mbili zikatokea juu ya ukingo.

"Kassimu!" Bi Zuhura akasema. "Wafanya nini huko?"

Nikaonesha mguu. Akaona uso wangu, akaacha mzaha. Alitoa mkobani kanga yake ya kuswalia, akaikunja, akaishusha. Nikaifunga kwapani. Wakashika ncha, yeye huku, laoban Liang kule.

Bi Zuhura anahesabu Kichina vizuri kuliko mimi, ndicho chakula chake. Lakini alikuwa ameapa kutomsemesha mtu yule kwa lugha yake. Basi yeye akahesabu, "Moja, mbili, tatu," akavuta. Laoban Liang, aliyekuwa bado anajiweka sawa, akaanza kuhesabu zake, "Yi, er, san," akavuta baadaye. Nilipanda bega moja, nikashuka, nikapanda bega la pili, nikashuka, kama mtu anayevalishwa koti na wagomvi. Wakajaribu tena, ikawa vile vile, na safari hii nilijigonga kidevu. Nikatoa mlio, mdogo tu, kama wa paka.

Bi Zuhura akanitazama. Kisha akamtazama laoban Liang, kwa mara ya kwanza tangu Pazhou.

"Yi," akasema.

Laoban Liang akashika kanga vizuri.

"Er," wakasema wote wawili.

Kwa san nilitoka mle ndani kama gunia, nikalala juu ya nyasi nikitazama mawingu.

Kuteremka kulituchukua muda mrefu kuliko kupanda. Walinishika kwapani kila mmoja upande wake, na kwa kuwa mmoja ni mrefu na mmoja ni mfupi, nilishuka mlima ule nikiwa nimeinama kama mnara unaotaka kuanguka. Viatu vyangu laoban Liang alivining'iniza shingoni mwake kwa kamba zake. Hawakuwa na la kusema ila "hapa," "taratibu," "jiwe," kila mmoja kwa lugha yake, na kila mmoja akitii la mwenzake. Nusu ya njia tukaketi kupumzika.

Bi Zuhura alikuwa na hina mkononi, bado mbichi ya harusi ya mjukuu wake. Laoban Liang aliukodolea macho mkono ule. Kisha akanyoosha kidole, akauliza kwa Kichina, "Ni ua lile lile?" Bi Zuhura alielewa kidole. Akatoa simu yake, akaishika mbali na macho, akatafuta, akampa. Mimi nilichungulia. Ilikuwa picha ya mwanamke aliyekonda, ameketi kitandani, ameshika karatasi yenye mchoro wa asumini na langilangi, anacheka. Laoban Liang akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka likabaki lile jani lililopinda peke yake. Alilitazama sana. Akamtazama Bi Zuhura. Bi Zuhura akalaza shavu kwenye kiganja chake, akafumba macho, kisha akaonesha ardhi.

Laoban Liang akanigeukia mimi. Nikaitikia kwa kichwa, ingawa na mimi ndio kwanza nilikuwa naijua habari ile. Nikaichukua ile simu ili niandike, nifanye kazi yangu hatimaye.

Bi Zuhura akaninyang'anya.

"Weka chini. Mwache aseme."

Laoban Liang akavua kofia. Sikuwahi kuona kichwa chake kabla ya hapo. Akasema kwa Kichina, akiitazama ile kofia, kwamba mwaka huu amezima nusu ya mashine. Kwamba yule mteja mpya alipooneshwa maua yote akaligusa lile, yeye hakufikiri, alishukuru tu. Kiwandani kwake maua yamejaa, ya waridi, ya mpera, ya kila namna, na hakuna hata moja lenye mwenyewe. Yote yamenunuliwa kwa mchoraji mmoja asiyemjua. Hakudhani ua linaweza kuwa la mtu. "Fundi wangu alitaka kulinyoosha lile jani," akasema. "Nafurahi ulitukatalia."

Bi Zuhura alimsikiliza hadi mwisho, kama mtu anayeelewa kila neno. Kisha akasema na yeye, kwa Kiswahili, akitazama mianzi.

"Dada yangu Asya alikuwa mchora hina, Unguja nzima wakimjua. Alipolala kitandani, mkono ukawa unatetemeka, wakaacha kumwita. Nikamwambia nichoree ua, nitaliuza Uchina. Nilisema tu nimpe kazi ya kuamkia asubuhi. Akachora siku nyingi. Jani hilo lilipompinda alilia, akataka kuchana. Nikamwambia hilo ndilo litakalouza. Si kosa lako. Sikukwambia. Sikumwambia mtu."

Mimi peke yangu ndiye niliyeyaelewa mazungumzo yale yote. Katika mlima mzima, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na lugha zote mbili, na mtu huyo alikuwa amekaa na soksi zilizotoboka, hawezi kutoa hata neno. Machozi yalinitoka. Bi Zuhura akadhani ni mguu, akanifunga ile kanga kwenye kifundo.

Kijijini, mama yake laoban Liang alinitazama nilivyoletwa akasema kitu kwa lahaja ya huko ambayo sikuielewa. Laoban Liang aliona haya kunitafsiria. Nikamkazia macho mpaka akasema.

"Mama anauliza, kwa nini tumempandisha mlimani mtu mzito hivi, mwenye viatu vya harusi."

Bibi huyo alinichua kifundo cha mguu kwa mafuta mekundu makali yaliyonitoa machozi ya pili siku hiyo. Bi Zuhura alikwenda jikoni kusaidia, kama anavyofanya popote. Akatoka ameshika sufuria, akaniinamia, akanionesha chini yake. Karatasi ya bei bado imegandamana. Kisu kilikuwa kipya, ubao wa kukatia mpya, mwiko mpya, hata chumvi ilikuwa pakiti iliyofunguliwa dakika ile. Laoban Liang alikuwa amevipeleka yeye mwenyewe siku iliyopita, ili samaki wa Bi Zuhura asipikwe kwenye chungu kilichopikiwa nguruwe. Hakumwambia mtu. Wala mimi, niliyekuwa nikilipwa kuwaeleza watu kuhusu watu, sikuwa nimefikiria kumkumbusha.

Bi Zuhura alikula samaki wawili. Kwa anayemjua, hiyo ni hati ya amani.

Sauti yangu ilirudi baada ya siku kadhaa, nusu nusu. Nikaenda hotelini kwake, mguu umefungwa, nikiwa nimejipanga kumweleza kwa utaratibu yote aliyoyasema laoban Liang kule njiani.

"Nshasikia," akasema.

"Lakini Bi Zuhura, alisema kwa Kichina."

"Nami nilimjibu Kiswahili. Kuna nini?"

Ya kibiashara yakamalizika kiwandani bila shida. Bi Zuhura alisema yule wa Mombasa ameshaahidiwa, atimiziwe kontena lake, kisha ua lisitoke tena kwa mwingine. Laoban Liang akakubali kabla sijamaliza sentensi. Akaleta chupa ya mfano na kalamu ya fundi, akamwonesha Bi Zuhura chini ya kitako. Bi Zuhura akaandika pale, kwa mkono wake, Asya. Tangu hapo kila chupa yake hutoka na jina hilo chini, dogo, ambalo mnunuzi hulikuta akiwa anaosha.

Msimu uliofuata nilikwenda hotelini kwa Bi Zuhura asubuhi kama kawaida. Mpokea wageni akaniambia ameshatoka. Nikampigia, akapokea kwa kelele za mashine nyuma yake. Alikuwa kiwandani. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa treni ya chini kwa chini, laoban Liang amemfuata kituoni. Walikuwa wameshamaliza rangi, idadi na tarehe ya kupakia.

"Mmesemezana vipi?" nikauliza.

"Kwani sisi mabubu?"

Ndivyo nilivyompoteza mteja wangu bora, na ninawaambia ukweli, nilikaa kwenye kochi la hoteli nikasononeka. Kisha nikapanda treni, nikaenda bila kuitwa. Niliwakuta ofisini, yeye na laoban Liang, mbele ya meza ya chai, wakibishana juu ya kifuniko. Bi Zuhura alisema Kiswahili chenye namba za Kichina. Laoban Liang alisema Kichina na kugongagonga kifuniko kwa ukucha. Nilisikiliza na kugundua kwamba hawaelewani kabisa: Bi Zuhura alikuwa akiongelea mpini, laoban Liang akiongelea rangi. Nikakaa, nikasafisha koo, nikafungua kinywa.

"Kassimu," Bi Zuhura akasema bila kunigeukia, akanisogezea kikombe. "Kunywa chai."